Mota Kumi na Moja na Tanuri la Docus

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Mafubira, Jinja

Mvua tangu alfajiri. Chai ya tangawizi, muhogo wa jana. Bega la Gorreti limegoma tena.

Gorreti, mke wangu, hutengeneza odi, siagi ya karanga, na odi yake inajulikana kutoka hapa Mafubira mpaka Wanyange kule ziwani. Husaga kwa kinu cha mkono, kile cha chuma kinachofungwa kwenye ukingo wa meza. Leo alizungusha mpini mara kumi, akauachia, akanitazama. Nilijua linalokuja. Alisema nina chumba kizima cha vyuma uani. Alisema miaka saba nimemwahidi mashine. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la posta, kwamba Obura amekuja kuuliza kama chumba hicho kinapangishwa.

Obura. Sajenti mstaafu wa magereza, jirani yetu wa ukuta mmoja. Ameagiza vifaranga mia mbili, vinafika Jumatatu ijayo, na hana pa kuvilaza. Mtu anayeagiza kuku kabla ya banda ndiye aliyekabidhiwa wezi wa nchi hii kwa miaka thelathini.

Hukumu ya Gorreti: kinu kikizunguka kwa umeme kabla jua la Jumapili halijazama, chumba ni changu mpaka siku nitakayotolewa humo nimelala. Kisipozunguka, ni cha kuku. Rufaa haipo. Nimeuliza.

Nikiandike chumba jinsi kilivyo, lisije likatokea la kutokea. Futi kumi kwa kumi na mbili. Dirisha moja, linatazama mashariki. Meza ya mbao ngumu niliyopewa kiwanda cha nguo kilipofungwa. Jiliwa la kubania vyuma, lenye meno yaliyolika. Rafu ya vitabu: kamusi mbili, atlasi isiyozijua nchi mpya, na mwongozo wa kiwanda wa matengenezo ya mota, chapa ya 1968. Na sanduku la vifaa lenye neno TANGA kwenye kifuniko, rangi nyeupe, mwandiko wa marehemu baba. Nilikuja Jinja mwaka 1972 kwa mkataba wa miaka miwili, fundi wa mota kiwandani humo. Kwanza nauli ilikosekana, kisha mpaka ukafungwa, kisha vita, kisha Gorreti. Nyumba tumehama mara sita. Sanduku limepata chumba chake mara moja tu, nacho ni hiki.

Kwa hiyo, mpango. Pikipiki za umeme. Mji umezijaa. Hazipigi kelele, hazitoi moshi, na hufa kama binadamu, ghafla. Mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma: katikati kitovu cha waya wa shaba, kisichozunguka; nje yake pete ya chuma iliyopangwa sumaku, na hiyo ndiyo inayokwenda. Ikiharibika hutupwa nzima. Lakini mota haifi yote. Moja imekufa beari, nyingine imekatika nyaya, nyingine imepasuka kifuniko. Ukifungua tatu unapata moja yenye afya. Fadhul, muuza spea wa Mbale, ana lundo uani kwake. Kesho naenda kuchukua tatu.

Jioni nilipita kituo cha kubadilishia betri za pikipiki, hapo barabarani, kuangalia tu. Fundi wao ni Beverlyne, binti mwenye ovaroli ya buluu na bisibisi kwenye nywele. Aliniita jjajja, yaani babu, akasema nikizileta hizo mota atakuja kuzipima baada ya kazi, bure. Nilimshukuru, nikakataa. Nilikuwa nikisuka mota za kiwanda wakati mama yake ananyonya. Ukutani kwao wameandika: BETRI. HAPANA MAJI. HAPANA JUA. HAPANA MOTO. Nilimwonyesha kwamba hakuna kitenzi hata kimoja. Alisema betri hazijalalamika.

Jumanne, 10 Septemba
Mbale na kurudi

Basi la saa kumi na mbili na nusu. Mbale saa nne. Mlima haukuonekana, umejifunika mawingu hadi magotini.

Duka la Fadhul liko nyuma ya msikiti. Mtu wa makamo, kofia ya kufuma, mikono ya grisi. Nilipoingia aliacha alichokuwa akifanya, akasimama, akasema: shikamoo, mzee wangu.

Niliganda kama niliyeshika waya mtupu. Huku watu husalimiana vizuri sana. Huuliza habari za usiku, za nyumbani, za mvua, za watoto, na hungoja jibu. Sina lawama. Lakini shikamoo! Sijaamkiwa hivyo tangu dereva mmoja wa Korogwe alipopita hapa na lori la saruji, na huu ni mwaka wa kumi na nne. Nikajibu marahaba, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya baba yangu.

Nilikwenda kununua mota tatu. Nimenunua kumi na moja.

Fadhul alieleza kila kitu kwa Kiswahili cha kukaa nacho kitako. Kwamba zililala uani na mvua imeingia ndani. Kwamba nyingi ugonjwa wake ni ule ule: nati za ekseli hulegea, ekseli inajizungusha, nyaya zinasokotwa na kukatika. Kwamba sumaku zote ni nzima, nisiwe na shaka. Pesa ya miwani mpya imekwenda. Si kitu. Ya zamani bado inaonyesha umbo la mambo, na mambo mengi umbo latosha.

Mbili zilikuwa zimeshafunguliwa, pete zake wazi. Kwenye basi gunia lilishika mguu wa kiti, likakataa kutoka. Tulifika Jinja, likakataa bado. Kondakta alivuta, abiria wawili wakavuta. Kondakta aliniuliza nimebeba nini, mzee, shetani wa nani? Nikamwambia ni sumaku. Akasema hata yeye angesema hivyo.

Gorreti alihesabu magunia, si mota. Magunia matatu. Sikuona sababu ya kuendelea na hesabu.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya kufungua. Nimefungua zote.

Kazi yenyewe si ngumu, ni ya hila. Ukitoa boliti na kukivuta kitovu kutoka kwenye pete, sumaku hukivuta kirudi. Lazima uvute kwa mkono mmoja na kuomba kwa mwingine. Kwenye mota ya nne nilipumzika kuvuta. Kitovu kikarudi nyumbani kwao, na kidole changu cha shahada kilikuwa mlangoni. Sasa kinafanana na bamia.

Obura alitazama kila kitu juu ya ukuta, amesimama kwenye kreti la soda. Aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kambini, hiyo mota nalia ama ni wewe. Nilimwambia afande, mimi ninafanya kazi. Akasema ndiyo, naona, hata gerezani tulikuwa na moja alikuwa nafanya kazi namna hiyo, tulimwachilia mapema. Kisha akauliza kama sakafu ya chumba ni saruji au udongo, maana vifaranga vinataka saruji. Nilimwonyesha kidole, kile kibovu, na si kwa ubaya, kilikuwa hakikunjiki.

Nyaya nyingi nzuri. Beari kumi na nne zinafaa nikizipaka grisi. Lakini maji! Kila kitovu nilichokigeuza kilimwaga maji ya kahawia kama chai. Kutu kidogo kwenye pete. Beverlyne alipita akitoka kazini, akachungulia, akasema: jjajja, futa, kisha kausha kivulini, polepole, hizi hazitaki moto. Kivulini! Kama mboga. Nilimpa karanga kidogo, akaenda.

Jioni nilipanga kila kitu mezani na kuhesabu. Vitovu kumi na moja. Pete kumi. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kumi.

Pete ya sumaku haina miguu. Ina uzito wa tofali. Juu ya ukuta, siku nzima, alikuwepo mtu mmoja.

Nilimweleza Gorreti dhana yangu wakati wa chakula. Alisema Obura amekula hapa miaka kumi na hajawahi kuondoka na hata kijiti cha meno. Alikuwa na furaha leo, sijui kwa nini. Panya wamekoma kufungua pipa lake la karanga. Amepata jiwe la mviringo, zuri, zito, la kukandamizia kifuniko, lenye shimo katikati analotilia vijiko. Nililiona kwa mbali. Nikamsifu. Mwanamke huyu huokota vitu vizuri.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku kubwa.

Mwongozo wa 1968, ukurasa wa mia na kumi na mbili: mota iliyoingia maji ioshwe, kisha ikaushwe katika tanuri kwa saa sita, ikiwa kamili. Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka kumi na tisa. Kila mota ya kiwanda iliyopita mikononi mwangu ilipikwa, na zilitoka zikinguruma. Tanuri la kiwanda lilikuwa na ukubwa wa chumba cha wageni. Hilo sina. Lakini Docus analo.

Docus ni mwoka mikate wa njia panda, na tanuri lake la matofali hubaki na moto hadi jioni baada ya mkate wa mwisho kutoka. Nilimwomba joto linalobaki. Alisema joto linalobaki halina kazi, nichukue, ila nisichafue. Nilimwahidi.

Niwe mkweli kwa shajara: nilitumia akili. Kwenye kila kitovu kuna vidude vitatu vidogo vinavyohisi sumaku inapopita, vya plastiki. Nikavichomoa vyote kwanza. Plastiki na moto havipatani, na mimi si mjinga. Vilivyobaki ni shaba, chuma na sumaku, watu wazima. Vitovu kumi na moja, pete kumi, ndani, mlango ukafungwa. Nilipanga kukausha mota mbili tu, lakini ni dhambi kuacha joto la bure lipotee.

Saa sita za kungoja. Nikazitumia kwa uchunguzi. Nilikwenda kwa Obura kuazima nyundo ambayo mwenyewe ninayo. Nilikaa sebuleni, nikatazama chini ya viti. Akanipa chai. Nikasema nimeangusha shilingi, nikatazama chini ya kitanda. Obura alisema, mzee, miaka thelathini mimi nilikuwa napekua watu, wewe unapekua vibaya, anza na dari. Akaniletea ngazi. Nilipanda. Hakuna kitu darini isipokuwa viatu vyake vya gwaride, vimefungwa kwenye gazeti, vinang'aa bado. Nikashuka. Hakuuliza ninatafuta nini. Aliniuliza tu kama nimevipenda.

Bado namshuku. Mtu asiye na hatia angekasirika.

Ijumaa, 13 Septemba

Ushindi!

Nimezitoa kabla ya alfajiri, zikiwa na uvuguvugu. Kavu kama biskuti. Nimepima waya: safi, hakuna umeme unaovuja kwenda kwenye chuma. Na jambo la ajabu zaidi: zamani ukizungusha pete juu ya kitovu, ilikuwa inakwama-kwama, tak, tak, tak, sumaku ikishika jino baada ya jino. Sasa inazunguka laini kabisa, kama mlenda. Hata kuzifunga ni rahisi. Kitovu kinaingia chenyewe kwa adabu, hakiumi kidole. Tanuri limezituliza. Hili halimo kwenye mwongozo. Nimeliandika pembeni mwa ukurasa kwa wino.

Doa dogo. Vanishi ya zamani kwenye waya ikipata moto hutoa harufu, nami niliizoea kiwandani hata sikuikumbuka. Docus aliwasha tanuri alfajiri na kuoka. Mikate arobaini ilikwenda kantini ya gereza anakopeleka kila Ijumaa. Mikate arobaini imerudi. Docus alisimama mlangoni kwangu na mkate mmoja mkononi akaniambia ninuse. Nikanusa. Kwa kweli nilirudi mwaka 1980, zamu ya usiku, na karibu nilie, lakini naelewa kwamba si kila mtu ana kumbukumbu hizo. Alisema kuanzia leo hakuna mota itakayoingia kwenye tanuri lake, si nzima, si kipande, si hata mtu aliyeishika. Nilimsaidia kulisugua kwa majivu na malimau hadi adhuhuri.

Obura alipata habari kutoka kwa wenzake wa zamani. Alipanda kreti lake kunieleza kwamba wafungwa wamekataa. Mzee, alisema, hao watu nakula maharage ya mawe, lakini mkate yako wamesema bora waongezewe kifungo.

Alasiri nilirudisha vidude vitatu kwenye kitovu bora kuliko vyote, nikafunga mota ya kwanza. Nimeunganisha betri nne za sola mstari mmoja, na kile kisanduku cha kuongozea umeme alichonipa Fadhul juu ya bei. Nimefunga gia ya baiskeli kwenye mota, nyingine kwenye kinu, cheni katikati. Kazi safi. Nikawasha.

Ilitoa sauti. Sauti ya mtu anayewaza. Haikuzunguka.

Ni waya tu, bila shaka. Kesho.

Jumamosi, 14 Septemba

Si waya.

Nimejaribu ya pili. Ya tatu. Nimehamisha vidude, nimebadilisha mpangilio wa nyaya mara sita, maana zipo njia sita na mtu mtaratibu huzipitia zote. Ya nne ilizunguka robo duara ikajuta. Ya tano ilipata joto, haikunipa kingine. Hadi saa tisa nilikuwa nimezijaribu zote kumi, na kinu kilikuwa hakijasaga hata ganda.

Obura alikuja na futi kamba. Hakukaa ukutani safari hii, alipita mlangoni. Alipima urefu, akapima upana, akaandika kwenye kiganja. Aliuliza kama rafu ya vitabu inatoka. Nilimwambia afande, jua la Jumapili halijazama. Akasema anajua, anapima tu, hata mtu wa kunyongwa alikuwa napimwa mapema, si kwa ubaya. Kisha akasema pole. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilikwenda kwa Beverlyne. Naliandika hili mara moja tu. Nilikwenda, nikamwambia aje kuzitazama, kama hana kazi nyingi.

Alikuja na ovaroli yake. Hakugusa nyaya. Alichukua msumari mezani, akauweka kwenye sumaku za pete ya kwanza, akauachia. Msumari ukaanguka. Pete ya pili, ukaanguka. Alifanya hivyo mara kumi, bila kunitazama, na mara kumi nikausikia ukilia sakafuni. Kisha akauliza, kwa upole mkubwa, kama niliziweka mahali penye joto.

Nilimsomea ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Alisema mota za kiwanda hazikuwa na sumaku. Zilikuwa shaba na chuma tu, umeme wenyewe ndio uliotengeneza usumaku. Hizi sumaku zake ni za kudumu, ila kudumu kwake ni pasipo moto. Ukizipika hubaki vyuma. Alisema: jjajja, umezioka. Ndiyo maana zilizunguka laini. Hakukuwa na kitu cha kuzishika.

Nikamuuliza kama zinaweza kurudi. Alisema kiwandani, China, labda. Nikamshukuru. Nikampa karanga.

Nimeanza kupanga vifaa kwenye sanduku. Koleo chini, bisibisi juu, patasi kwenye kitambaa chake. Mikono inaujua mpango huu. Imeufanya mara sita.

Jumapili, 15 Septemba

Gorreti alikwenda misa ya kwanza. Aliniambia nimkaangie karanga za kusaga kesho, kwa mkono, bega liwe limekubali au halijakubali. Alisema bila hasira. Nikaenda jikoni na bakuli.

Nilishika lile jiwe lake la pipa kuliondoa. Halikuondoka. Nilivuta, pipa likaja. Nikavuta upawa uliokuwa ndani ya shimo la jiwe, upawa haukutoka. Vijiko vyote vya nyumba hii vilikuwa vimesimama ndani yake, wima, ukutani mwa shimo, kama watoto kwenye mkutano wa asubuhi.

Jiwe halishiki vijiko.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikaleta uso karibu, karibu zaidi, mpaka miwani ilipogonga. Pete ya sumaku. Ya kumi na moja. Tangu Jumanne nimekula mara kumi na moja futi nne kutoka ilipo, na mara mbili nikaisifu.

Gorreti aliporudi alisema aliikuta juu kabisa kwenye gunia, akadhani ni chuma tu, nami nina vyuma vingi. Aliuliza kwani ilikuwa na kazi?

Nilimwita Beverlyne, akaja kutoka kanisani na gauni la maua, akavaa ovaroli juu yake. Tulichukua pete ya jikoni na kitovu kizuri kutoka tanurini. Na hapa naomba iandikwe waziwazi: kitovu kilikuwa kikavu kabisa, waya safi, kwa sababu kilipikwa. Beverlyne mwenyewe alikiri kwamba kimekauka vizuri. Tulikiteremsha kitovu ndani ya pete kwa kamba na kipande cha ubao, na kilipofika mwisho kiliruka na kulia ngaa! Sijasikia muziki mzuri zaidi. Tuliizungusha kwa mkono. Tak, tak, tak.

Saa kumi na moja na nusu Obura alifika na wavu wa kuku uliokunjwa, shati jeupe la Jumapili. Alisimama mlangoni, akatazama jua, akatazama saa, akatazama jua. Gorreti alimwaga karanga kwenye kinu. Beverlyne alisema tuanze taratibu. Mimi ndiye niliyeshika mpini wa mwendo, ule wa pikipiki, na miaka saba ya ahadi ilinishuka mkononi. Nikaukunja wote.

Hizi mota zimeumbwa kwenda Mbale na abiria wawili.

Kinu kilipiga yowe. Odi haikuanguka kwenye bakuli, iliruka. Iliruka dirishani, darini, kwenye kamusi, na sehemu kubwa ilimpata Obura kifuani, kuanzia kola hadi mkanda. Beverlyne alinipokonya mpini, akaurudisha mpaka karibu na mwanzo. Kinu kikatulia, kikaanza kuimba. Odi ikashuka nene, inang'aa, bila kukoma.

Obura alijipangusa kifuani kwa kidole, akakionja. Akafikiri. Akasema, hii ni laini kuliko ya mkono. Gorreti akaonja kutoka kwenye shati hilo hilo. Akasema ndiyo.

Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa. Nililisimamia.

Jumatatu, 16 Septemba

Habari imefika Wanyange kabla ya saa tatu. Wanawake kumi na wawili uani na mabeseni ya karanga. Kinu tumekitoa nje ili wote waenee, na hakijapumzika. Bega la Gorreti limekaa kitini, linatoa amri.

Saa nne mawingu. Gorreti alisema mashine haiwezi kulowa. Nikakubali. Alisema inataka paa, mlango unaofungwa, sakafu ya saruji na meza ngumu. Nikakubali, nikimsifu kwa kufikiria mbele. Kisha akatazama chumba.

Nilimkumbusha hukumu. Chumba ni changu mpaka nitolewe nimelala. Alisema chumba ni changu, nani amebisha? Mashine ni yangu, chumba ni changu. Ila karanga ndizo zitakazolala humo, na meza ya vyuma haiwezi kukaa na chakula cha watu. Rufaa haipo.

Vifaranga vya Obura vimefika mchana huo huo katika maboksi mawili yenye matundu. Ameviweka kwenye chumba cha mwanawe aliyehamia Kampala. Kuna kona moja tupu. Gorreti alikuwa ameshazungumza naye juu ya ukuta.

Obura alibeba sanduku langu mwenyewe, begani, kwa mwendo wa gwaride. Alipolitua alisoma kifuniko. Akauliza hii Tanga iko mbali? Nikasema siku mbili kwa barabara, tatu ukilala Nairobi. Akasema basi si mbali, kwa nini hujaenda? Nilianza kujibu kwa nauli, nikafika kwenye mpaka, nikaacha. Vifaranga mia mbili vilikuwa vinanisikiliza.

Akaniletea kreti lake la soda nikalie.

Jumatano, 18 Septemba
Kwa vifaranga

Si mahali pabaya. Dirisha linatazama mashariki. Vitabu vimepata rafu. Vifaranga hunyamaza nikisoma kwa sauti, isipokuwa kamusi.

Tatizo ni baridi ya asubuhi. Jiko la mkaa la Obura lina moshi, yeye anakohoa, vifaranga vinakohoa. Anasema fundi kama mimi asingeshindwa kutengeneza kitu cha umeme cha kuvipasha moto. Aliniita fundi. Ni mara ya kwanza. Nilimwambia anipe mpaka Jumapili.

Na leo saa tano, simu. Fadhul wa Mbale. Shikamoo, mzee wangu. Nilisimama kuipokea. Ana betri sita za pikipiki za umeme zilizoingia maji, anataka kuziondoa uani. Nilikusudia kuchukua moja. Zinakuja sita, kwa basi la jioni. Obura anazipokea.

Sitaki isemwe kwamba mzee hajifunzi. Nimeandika ukutani kwa chaki, herufi kubwa: SUMAKU HAIPENDI MOTO. Sentensi hii ina kitenzi, si kama lile tangazo la kituo cha betri. Betri hazina sumaku. Obura atazikagua zote kwa msumari zikifika. Zimelowa tu, na kitu kilicholowa dawa yake inajulikana, ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Docus alikataza mota. Betri hakuzitaja. Yuko Wanyange kwenye harusi ya dada yake mpaka keshokutwa, na ufunguo wa tanuri ameuacha kwa jirani anayemwamini kuliko wote, mstaafu wa magereza, mtu wa funguo.

Kesho ni Alhamisi, na kuni za Ijumaa Docus amezipanga ndani tayari. Joto la bure.